Mgeni Rasmi Ameshazungumza

Ilitangazwa kwa wananchi wote wa Kilosa, Mikumi na vitongoji vyake, wenye kusikia na wenye kupuuza, kwamba kuanzia mwezi huo kitenzi cha Kiingereza "stand in for" kitaanza kutumika rasmi, kwa maana yake kamili na matumizi yake yote, na kwamba mwananchi atakayekutwa anakitumia kiholela atapewa elimu mpaka aelewe au mpaka achoke. Tangazo lilibandikwa stendi, sokoni, mlangoni pa mashine ya kusaga na kwenye ukuta wa baa moja ambayo mwenyewe hakuulizwa. Chini yake palikuwa na jina la Mratibu wa Ofisi ya Kanda ya Misemo ya Kigeni, Bwana Makarius. Saini iliyokuwa juu ya jina hilo haikuwa yake. Iliwekwa kwa niaba yake na mtu aliyeitwa Elikana.

Elikana alikuwa Kaimu Ofisa Misemo. Alianza kukaimu akiwa bado na nywele zote kichwani, kwa muda mfupi tu, aliambiwa, mpaka taratibu zikamilike. Nywele zikaondoka, taratibu zikabaki. Mkewe Debora, aliyekuwa Berega akilima na kulea watoto, majirani walimwita Mama Kaimu. Mtoto wao wa kwanza alipoulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba baba yake ni kaimu. Mwalimu akauliza kaimu nani. Mtoto akasema kaimu tu. Debora aliposimulia habari hiyo alicheka mpaka akashika mbavu, lakini Elikana hakucheka. Alikuwa anaitaka barua ya kuthibitishwa kazini kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote duniani, Debora akiwemo, ingawa hilo hakulisema nyumbani.

Barua yenyewe ilikuwepo. Ilishachapwa, ilishapigwa muhuri, imelala kwenye droo ya Mratibu ikisubiri saini. Saini nyingine zote za Ofisi aliziweka Elikana kwa niaba ya Mratibu: vibali vya safari, maombi ya chai, hata ruhusa za likizo za Mratibu mwenyewe. Hiyo moja tu ndiyo asingeweza kuiweka, kwa kuwa mtu hawezi kujithibitisha. Kila alipoulizia, Mratibu alimwangalia kwa huruma ya kikubwa. Safari hii alimpa ahadi kamili: uzinduzi wa kitenzi ukipita bila aibu yoyote, siku hiyo hiyo jioni anasaini.

Wapo watu wa maneno mengi wanaouliza Ofisi ile ilikuwa na kazi gani. Swali hilo ni la uchochezi. Ofisi ilipokea malalamiko ya wananchi wa aina zote bila ubaguzi, na kila lalamiko lilipewa msemo wake. Mkulima aliyeteremka kutoka Vidunda kulalamika kwamba maharage yake yameozea mlimani kwa kukosa barabara alipewa "tumelipokea", akapanda nalo tena mlimani. Mama mmoja wa Ruhembe aitwaye Kishiwa, Msukuma aliyehamia huko na mumewe kufuata mashamba, alikuja kulalamikia kivuko. Kila masika mto unachukua magogo ya kuvukia, na watoto wa ng'ambo, akiwemo Kulwa wake, wanakaa nyumbani mpaka maji yapungue. Yeye alipewa "liko kwenye mchakato". Akauliza huo mchakato uko wapi aende akauone. Elikana alilisifu swali hilo kwa ubora wake, nalo akalipatia msemo wake.

Sasa kitenzi chenyewe kilifikaje? Kilifika kwenye barua ya wafadhili. Waliandika kwa Kiingereza kwamba Mratibu akishindwa kuhudhuria shughuli, mtu mwingine anaweza "to stand in for him", yaani kusimama kwa niaba yake. Ofisi nzima ikasisimka, maana kuhudhuria ndilo jambo ambalo Bwana Makarius alikuwa hajawahi kuliweza. Alikuwa mgeni rasmi wa kila shughuli kuanzia Kilosa mjini mpaka Mikumi, na katika zote alituma mwakilishi. Kwenye kipaimara cha binti yake alimtuma dereva. Kwenye msiba wa mama mkwe wake alimtuma mhasibu, ambaye alilia vizuri sana, familia ikaridhika. Leo wazungu wenyewe walikuwa wamempa kitenzi.

Ikaundwa kamati ya kutafuta maana na matumizi. Kamati ilikaa Mikumi kiangazi kizima, kwa sababu suala hilo lilihitaji utulivu, na Mikumi kuna utulivu na mbuzi wa kuchoma. Ilichambua kama mwakilishi anaruhusiwa kukaa kwenye kiti, ikaona anaruhusiwa. Ilichambua kama akishiba mwakilishi, aliyewakilishwa naye ahesabiwe ameshiba, na hapo mjadala ukawa mkali mpaka chakula kilipoletwa. Mwishowe Elikana, aliyekuwa katibu, akatunga ufafanuzi ambao wajumbe waliupigia makofi: "Aliyesimama kwa niaba ya mtu, mtu huyo ndiye amesimama. Alichosema kimesemwa. Alichokula kimeliwa." Mratibu aliupenda ufafanuzi huo kupita kiasi. Aliagiza uandikwe kwenye bango kubwa, kwenye fulana na kwenye kofia, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba hauna mjadala.

Uzinduzi ulipangwa kufanyika Ruhembe, kwenye uwanja wa shule. Kata hiyo ilichaguliwa kwa uangalifu: wananchi wake hawakuwahi kuitukana Ofisi, kwa kuwa wengi wao hawakujua kama ipo.

Siku ilipofika, Elikana alikuwa uwanjani tangu asubuhi akiwa mshereheshaji. Lori la Ofisi lilishusha mahema, viti vya plastiki na spika mbili. Ngoma zililetwa. Skauti wa shule walisimama na skafu mpya ya kumvisha mgeni rasmi, wakiifukuzia vumbi. Mashamba ya miwa pande zote yalikuwa yamenyamaza, na nyuma ya madarasa masufuria ya pilau yalikuwa yameanza kunukia kiasi kwamba hotuba yoyote ndefu ingekuwa ukatili. Mpishi mkuu alikuwa Kishiwa. Alimwamkia Elikana shikamoo, kwa ajili ya ofisi, ingawa walilingana umri, kisha akauliza ule mchakato unaendeleaje. Elikana akajibu unaendelea.

Mwandishi wa habari alikuja na kamera yake, akapewa kiti cha mbele. Watu walijaa. Kilichokosekana ni mgeni rasmi.

Muda ulivyozidi kwenda simu ikaita. Alikuwa Devotha, Mratibu Msaidizi. Alieleza kwamba Mratibu yuko Mikumi hotelini kwenye kikao kizito cha dharura, na nyuma ya sauti yake Elikana alisikia kikao kile kikiagiza ndizi nyingine na pilipili. Kwa hiyo Mratibu amemkasimu yeye Devotha. Ila yeye Devotha, papo hapo, amekasimiwa pia kumwakilisha Mratibu kwenye semina ya chumba cha pili hapo hapo hotelini, na mtu hawezi kumwakilisha mtu mmoja mahali pawili. Basi amemkasimu Lukasi. Hotuba anayo. Elikana akauliza Lukasi yupi. Kulikuwa na Lukasi mmoja tu, dereva.

Gari la Ofisi liliingia uwanjani likiwa na vumbi lake lote, ngoma zikalia, akashuka kijana wa miaka ishirini na ushee mwenye miwani ya jua na bahasha kwapani. Alipoona watu wote wamesimama alitazama nyuma yake kuona nani amefika.

Hapo likazuka jambo ambalo kamati haikuliona. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Cleopa, alikuwa mstari wa mbele kumpokea mgeni rasmi, na mzee Cleopa alikuwa na wajukuu wanaomzidi Lukasi urefu wa ndevu. Nani amwamkie nani? Kama Lukasi ndiye Mratibu, cheo kinadai heshima. Kama Lukasi ni Lukasi, shikamoo inatoka kwake, na ikichelewa atapata kibao. Walisimama wakitazamana. Elikana alifikiri haraka, akatoa mwongozo kwenye kipaza sauti kwamba salamu zitafanyika kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza Lukasi aliinama akasema shikamoo mzee, akajibiwa marahaba. Awamu ya pili Lukasi akajinyoosha, akavaa tena miwani, na mzee Cleopa akavua kofia akampa mkono wa heshima Mratibu aliyemo ndani yake. Wananchi walipiga makofi kwa kuridhika, wakaona kitenzi kinafanya kazi.

Skauti wakamvisha skafu. Risala ikasomwa na mzee Cleopa, fupi na yenye adabu, ikieleza kwamba Ruhembe ina shida nyingi lakini leo imechagua moja, nayo ni kivuko. Masika yanakuja, na mwaka jana mtoto mmoja alinusurika kwa kung'ang'ania majani ya matete. Hawaombi daraja la magari. Wanaomba nguzo za mawe na mbao juu yake. Mafundi wanao, nguvu wanazo, mawe yako mbali na hawana cha kuyabebea.

Ilikuwa zamu ya mgeni rasmi kujibu. Lukasi alisimama, akakohoa kama alivyowaona wakubwa wakikohoa, akafungua bahasha. Simu yake ikaita. Aliisikiliza, akamvuta Elikana pembeni.

"Kaka, bosi anataka gari sasa hivi," alisema. "Amesikia kuna kamera, anakuja mwenyewe."

"Na hotuba?"

"Hotuba sijui. Mimi nikichelewa nimekwisha."

Elikana asingeweza kuisoma yeye. Mshereheshaji hawezi kujikaribisha mwenyewe jukwaani kama mgeni rasmi, itifaki ingekufa siku hiyo. Lakini Lukasi hakusubiri itifaki. Alimgeukia mtu wa karibu zaidi, akavua skafu akamvisha, akamwekea bahasha mkononi, akatamka kwa Kiingereza chote alichofundishwa kwamba huyu sasa "stand in for" yeye, akakimbilia gari. Mtu wa karibu zaidi alikuwa Kishiwa, aliyekuja mbele kuuliza kama anaweza kupakua.

Elikana alilitazama bango. Halikusema mwakilishi awe na elimu gani, wala kwamba asiwe na mwiko mkononi. Uzinduzi ulikuwa unaning'inia, na barua yake ilikuwa inaning'inia hapo hapo. Akashika kipaza sauti, akatangaza kwa sauti nzito kwamba itifaki imezingatiwa, na kwamba sasa anamkaribisha Mheshimiwa Mratibu.

Kishiwa alisoma vizuri. Aliwasalimu viongozi wa dini na wa mila waliokuwepo na wasiokuwepo, akaishukuru kamati, akasoma maana na matumizi ya kitenzi bila kukwama. Kisha akafika pale ambapo kila hotuba ya Ofisi ilikuwa na nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi hiyo ilikuwa ya kawaida. Hotuba zote ziliandikwa mapema kabla ya shida za watu kujulikana, kwa hiyo ziliandikwa "kuhusu suala la", halafu vidoti, halafu "ninaagiza", halafu vidoti tena. Wageni rasmi wenye uzoefu walijua kwamba kwenye vidoti unasema suala limepokelewa. Kishiwa hakuwa na uzoefu huo. Aliviangalia vidoti, akaangalia ng'ambo ya miwa uliko mto, akashusha pumzi.

"Kuhusu suala la kivuko," alisema, "ninaagiza kazi ianze Jumamosi hii. Lile lori lenu la kubebea viti, ninaagiza libebe mawe. Na mimi Mratibu Makarius nitakuwepo mwenyewe, nitabeba mawe kwa mikono yangu, mpaka siku Kulwa atakapovuka."

Uwanja ulilipuka. Vigelegele vilipigwa, ngoma zikapigwa bila ratiba, vijana wakarusha kofia zao mpya juu, na mzee Cleopa alionekana akicheza kwa staha huku ameshika mgongo. Mwandishi wa habari alipiga picha ya mgeni rasmi akiwa na skafu na mwiko. Elikana alijikuta naye anapiga makofi. Alipokumbuka kwamba yeye ni mtumishi, akaendelea kupiga lakini polepole.

Walikuwa bado hawajatulia gari liliporudi. Safari hii aliyeshuka ni Bwana Makarius mwenyewe, suti ya kijivu, kiatu kinachong'aa, kijiti cha kuchokolea meno bado kipo mdomoni. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona. Alitembea moja kwa moja mpaka jukwaani akinyoosha shingo kwa ajili ya skafu, skauti wakatazamana. Skafu ilikuwa imeshakwenda kupakua pilau.

Alichukua kipaza sauti, akasema yeye ndiye mgeni rasmi. Mzee Cleopa akasimama kwa heshima zote.

"Karibu sana mkuu," alisema. "Lakini mgeni rasmi ameshazungumza, na tumemwelewa. Kwenye ratiba imebaki sala na chakula."

Bwana Makarius alidhani ni utani wa watani wa huko. Alicheka. Akaelezwa alichokisema. Akaacha kucheka. Akaelezwa habari ya mawe, na habari ya "mwenyewe", na habari ya "kwa mikono yangu", akageuka kumtafuta Elikana kwa macho ambayo Elikana aliyafahamu.

Walijitenga hatua chache nyuma ya spika. Mratibu alizungumza taratibu, kwa upole wa kutisha. Alisema kosa si kubwa, linarekebishika. Elikana atapanda jukwaani, kama mtunzi wa ufafanuzi, atawaeleza wananchi kwamba mpishi hawezi kumwakilisha Mratibu, kwamba yote yaliyosemwa ni batili, na kwamba suala la kivuko limepokelewa. Akishamaliza tu, watarudi pamoja Kilosa kwenye gari, kiti cha nyuma, na barua itasainiwa kabla jua halijazama. Akamwonyesha ufunguo wa droo. Hakuwahi kumwonyesha ufunguo huo kabla.

Elikana alipanda jukwaani. Miguu ilikuwa myepesi, maana uamuzi alikuwa ameshauchukua: atasema batili. Neno lenyewe ni fupi. Alifungua kinywa alitoe, macho yake yakaangukia bango, na hapo hesabu moja mbaya ikampitia kichwani kabla hajaizuia. Kama Kishiwa hakuwa Mratibu leo, basi Lukasi naye hakuwa. Kama Lukasi hakuwa, Devotha hakuwa. Na kama hao wote hawakuwa, yeye Elikana, miaka yote ile ya kusaini kwa niaba, alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyekaa kwenye ofisi ya watu akichafua karatasi. Alimwona mwanawe darasani akisema kaimu tu. Moyo ulimuuma kweli kweli, mbele ya watu wote wale wenye kofia.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika mbili ikiwa kubwa kuliko alivyotaka. "Mratibu ameniagiza niseme kwamba maneno ya Kishiwa ni batili."



"Yanaweza kuwa batili," aliendelea. "Lakini yakiwa batili hayo, na yangu yote ni batili. Vibali vyote nilivyosaini kwa niaba yake ni batili. Likizo zake zote ni batili, itabidi azirudishe. Na barua iliyompa yeye huo uratibu, mimi ndiye niliyeifungua. Ilisainiwa na mtu kwa niaba ya mkubwa, na mkubwa mwenyewe alikuwa anakaimu. Kwa hiyo mkuu achague. Kama maneno ya Kishiwa ni halali, Jumamosi kuna mawe. Kama ni batili, hatuna Mratibu hapa, tuna mzee mmoja mwenye suti ambaye hatujui amefuata nini."

Watu waligeuka wote kwa pamoja kumtazama mzee mwenye suti. Kamera pia iligeuka. Bwana Makarius alitazama bango lililokuwa na maneno yake mwenyewe kwamba hakuna mjadala, akatazama kamera, akatoa kijiti mdomoni.

"Ni halali," alisema.

Pilau ililiwa kwa furaha ambayo Ruhembe haikumbuki kuiona. Bwana Makarius alipopanga foleni na sahani, Kishiwa alimwomba radhi sana: Mratibu alishakula. Alikuwa amekula yeye Kishiwa, kwa niaba. Mwisho alimwekea ukoko na nyama moja, akasema hiyo si ya Mratibu, ni ya mgeni tu.

Jumamosi ilifika. Mratibu alikuwa ametumia siku zote za kati kutafuta mtu wa kumwakilisha kwenye mawe. Devotha alipatwa na semina. Lukasi ndiye aliyeendesha lori. Elikana alihitajika Kilosa, maana Mratibu akiwa kwenye mawe lazima mtu akaimu ofisini. Na hata angempata mtu, hotuba ilisema "mwenyewe", na hotuba ilikuwa ya kwake. Basi akaonekana mtoni akiwa amekunja suruali, amebeba jiwe la ukubwa wa embe. Kishiwa, aliyekuwa na jiwe lake kichwani, alimwambia kwa adabu kwamba hayo ya saizi hiyo baba, wameachiwa watoto. Bwana Makarius akarudi kubadilisha.

Wiki ya kwanza alinung'unika, ya pili akaumwa mgongo, ya tatu akaacha kuvaa suti. Mafundi walipandisha nguzo. Vijana wa ng'ambo walileta mbao. Ile ofisi kule Kilosa ilikwenda bila hitilafu yoyote ambayo mtu angeigundua. Katikati ya kazi Kishiwa alisafiri mpaka Kilosa kuulizia misumari, akiwa na skafu yake shingoni, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumpa utaratibu wa kuivua. Elikana alimkaribisha kiti. Kisha akafikiri kidogo, akasimama, akamhamishia kwenye kiti cha Mratibu. Ufunguo wa droo ulikuwa kwenye mfuko wa koti ambalo Bwana Makarius alimwachia Lukasi alitunze asije akalichafua kwa udongo, na Lukasi alikuwa amelitundika pale ofisini.

Wingu la masika lilikuwa limeshatanda juu ya Udzungwa siku mbao ya mwisho ilipogongwa. Kulwa alivuka mbele ya watoto wenzake akiwa amebeba viatu vyake mkononi, asivichoshe. Akina mama walipiga vigelegele. Bwana Makarius alikuwa amekaa kwenye jiwe, viganja vimechubuka, akavitazama, akatazama kivuko, na wanaosema aliguswa huenda hawakosei. Lakini lori lilishaondoka na watu, mvua ikaanza kudondoka, akachomoa simu akapiga ofisini.

Elikana alipokea. Sauti ya upande wa pili iliagiza gari lije Ruhembe haraka.

"Gari linatoka kwa idhini ya Mratibu," alisema Elikana. "Nani mwenzangu?"

"Elikana, usicheze. Ni mimi, Makarius. Lete gari, nikifika hapo naisaini ile barua yako."

"Barua ilishasainiwa, mzee wangu. Mratibu alipita hapa kuulizia misumari, akaisaini mwenyewe. Samahani, wewe unazungumza kwa niaba ya nani?"

Mvua ilisikika ikipiga majani ya miwa.

"Kwa niaba yangu mwenyewe," sauti ikasema, ndogo.

Elikana, Ofisa Misemo, alilitafakari suala hilo kwa uzito wake. Akaeleza kwa upole kwamba utaratibu huo bado haujazinduliwa.